Ukisusa, Wenzio Wala

Waliambiwa wafike saa mbili asubuhi, wakafika. Vijana kama sitini, wengi wa Mtopanga na Magogoni, walikusanyika kwenye ua wa shule moja hapa Kisauni kuchagua viongozi wa vijana wa chama chao katika wadi zao. Mimi nilikwenda kwa ajili ya binti wa jirani yangu. Nilimfundisha darasa la sita. Alimaliza sekondari, akakaa miaka mitatu akiuza viazi karai na bajia mlangoni kwao, na mwaka huu akaamua kugombea. Hotuba yake aliiandika kwenye daftari la hesabu. Kabla ya hapo alikuwa amewapeleka wenzake ishirini na wawili kujisajili kupiga kura, mmoja mmoja, nauli ya tuktuk akiitoa kwenye pesa za viazi.

Gari lilifika saa tisa na nusu alasiri. Akashuka bwana mmoja, akatoa simu mfukoni, akaanza kusoma majina. Sanduku la kura halikuwapo. "Hii ndiyo orodha ya makubaliano," akasema, na jina la binti yule halikuwamo. Nafasi aliyoitaka akapewa mtu ambaye hakuna aliyemjua pale uani. Kijana mmoja akauliza kura zitapigwa saa ngapi, akasukumwa kifuani mpaka akaangukia madawati. Kisha zikatolewa noti za mia mbili. Foleni ikapangwa upya, na safari hii ilinyooka.

Binti hakuingia kwenye foleni hiyo. Alinikuta langoni, daftari kalikunja kama kitambaa cha kufutia meza. "Mama, wasiniite tena," akaniambia. "Si chama, si kura. Na wale niliowapeleka kujisajili nitawaambia niliwapotosha."

Nimelala na maneno hayo siku kumi. Nawaandikia nyinyi, wanangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, pamoja na wazazi wenu, kwa sababu siwezi kuyabeba peke yangu.

Sababu zinazowafukuza vijana kwenye siasa mnazijua, sitazirefusha. Kazi hakuna. Kitambulisho chenyewe, kwa miaka mingi, kijana wa Pwani mwenye jina la Kiarabu au la Kisomali alikipata baada ya kuulizwa nasaba hadi babu wa babu, na amri ya kuuondoa msasa huo ilitoka Februari 2025 tu. Vyama vina wenyewe. Wakati wa mchujo wa 2022, ushindani wa tikiti ya ODM ya ugavana wa Mombasa ulimalizwa mezani: Suleiman Shahbal akampisha Abdulswamad Nassir baada ya kikao na wakubwa wa chama, na mwanachama wa kawaida wa Chaani au Timbwani akasikia habari kwenye redio. Agosti ile mkatukanana mitaani kwa ajili ya William Ruto na Raila Odinga, ndugu wakanuniana, na tarehe 7 Machi 2025 wawili hao wakatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja. Nani alirudi Bofu au Mikindani kuwapatanisha walionuniana? Mwaka 2021 Wakenya wengi walichungulia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvikanyagia ofisi. Jina lako linaibwa, kisha unaambiwa demokrasia imekomaa.

Kwa hiyo mkisema mmechoka, nawaamini. Ila nataka mnisikilize kwa hesabu, maana mimi ni mwalimu wa hesabu.

Mwaka 2022 Kaunti ya Mombasa ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa 641,913. Uchaguzi wa gavana uliahirishwa siku moja kabla ya siku yenyewe kwa sababu karatasi za kura zilichapishwa kimakosa, ukaja kufanywa tarehe 29 Agosti. Mshindi alipata kura 119,083, na aliyemfuata alipata kama 98,000. Katika kila watu watano waliomo kwenye daftari, hata mmoja kamili hakumpigia aliyeshinda. Simlaumu yeye, alishinda kwa kura zilizopigwa. Nawaonyesha pengo: kama kura 21,000. Watu wanaovuka feri ya Likoni asubuhi moja tu wanapita idadi hiyo. Na hapo sijawagusa ambao hawamo kabisa kwenye daftari. Nchi nzima, waliosajiliwa wenye umri wa chini ya miaka 35 walipungua kwa zaidi ya asilimia 5 kati ya 2017 na 2022, ilhali kila mwaka tunazika wazee na watoto wetu wanatimiza miaka kumi na minane.

Sasa rudini nami kwenye ule ua wa shule. Mchujo wa wadi ukihudhuriwa na watu mia tatu, mwenye noti za mia mbili anawamaliza wote kwa shilingi 60,000. Wakija elfu tano, atahitaji milioni moja, na hapo hana hakika hata ya nusu yao. Mnanielewa? Bei ya kutununua inashuka kila mmoja wenu anapobaki nyumbani. Yule bwana aliyesoma majina kwenye simu hawaogopi waliosusa. Anawaombea uzima. Wahenga wa mwambao huu walisema ukisusa, wenzio wala, na hapa wanaokula wanakula basari ya mwanao, taa ya mtaa wako na dawa za zahanati yako.

Lawama naiweka mahali pake, na ya kwanza ni ya vyama. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inavipa vyama vinavyostahili pesa za umma, na inataka angalau asilimia 30 ya pesa hizo itumike kuinua uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na jamii zilizosahauliwa. Pesa hizo ni kodi ya unga na mafuta tunayoilipa sote. Waulizeni, katika wadi yenu zimefanya nini? Mimi nimeona fulana, nikaona magari ya vipaza sauti, na nikaona kijana akiangukia madawati. Ofisi yenye mlango ulio wazi kwa kijana mwenye swali sijaiona.

Ya pili ni yetu sisi wazazi. Mimi nilikuwa nakaa Likoni Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi kilivamiwa, na wiki zilizofuata zaidi ya watu mia moja wakauawa, maelfu ya majirani zetu kutoka bara wakakimbia na virago vichwani, wengine wakalala kwenye uwanja wa kanisa. Desemba kura zilipopigwa, wengi wao hawakuwapo. Vijana waliofanya yale walikuwa wamelishwa kiapo kule msitu wa Kaya Bombo na kuahidiwa ardhi na kazi. Tume ya uchunguzi ya Jaji Akiwumi ikakaa, ikaandika. Nani katika wale vijana alipata ekari? Nawakumbuka wawili wa mtaa wetu. Mmoja aliishia korokoroni, mwingine mama yake alikuwa akimwekea chakula kila usiku kwa miaka. Sisi tuliojua hatukusema. Tulifunga madirisha. Na kila msimu wa kampeni unapofika, makundi ya watoto wenye mapanga huku Kisauni hupata wa kuyakodi, na sisi tunafunga madirisha tena. Kijana asiyekuwa na kura ana thamani moja tu kwa mwanasiasa wa aina hiyo, nayo ni mkono wake. Mama, baba, ukimwona mwanao ana pesa za ghafla wakati wa kampeni, muulize usiku huohuo. Usingoje kuulizwa wewe na polisi.

Na ya tatu ni yenu, wanangu, wala sitaificha kwa kuwa nawapenda. Juni 2024 mliushtua ulimwengu. Mlisema hamna chama, hamna kabila, hamna kiongozi, na tarehe 26 Rais akasema hautii saini Mswada wa Fedha. Makumi ya vijana wenzenu nchini walikuwa wameuawa au walikuwa karibu kuuawa. Hapa Mombasa mliandamana mchana kutwa, na mie nikasimama kando ya barabara nikiwagawia maji. Lakini mswada ukishindwa barabarani, mwingine huandikwa bungeni, na kule bungeni wameketi watu wa vyama, waliopelekwa na wale waliokwenda kupiga kura. Kumbukeni habari ya makontena. Mwaka 2019 ilipotoka amri ya kupeleka mizigo Nairobi kwa reli, Changamwe ilikufa mchana kweupe: madereva, mataniboi, mafundi wa tairi, kina mama wa vibanda vya chakula. Watu wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Amri ile haikwisha kabisa wakati huo. Iliondolewa Septemba 2022, baada ya kelele za barabarani kugeuka ahadi ya kampeni. Barabara ilianza kazi na uchaguzi ukaimalizia. Na jirani zetu wa Owino Uhuru, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, walishinda kortini 2020, wakanyang'anywa ushindi katika rufaa, na hawakulala mpaka Mahakama ya Upeo ikawarudishia Desemba 2024. Hao walikuwa na sababu nyingi zaidi za kukata tamaa kuliko mimi na wewe.

Basi tufanye nini? Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na mchujo wa vyama utatangulia kwa miezi kadhaa. Wakati upo, ila hautoshi kwa kulala.

Manahodha wa timu za mtaa, naanza na nyinyi, maana vijana wanawasikiliza kuliko wanavyomsikiliza imamu au kasisi. Wekeni sharti kwamba mwenye umri wa kupiga kura ambaye hajajisajili hachezi Jumamosi. Akikosa kitambulisho, timu nzima imsindikize kwa chifu, kumi na mmoja na akiba zao, wasimame pale mpaka fomu ijazwe. Mtu mmoja huambiwa arudi kesho. Timu yenye jezi haiambiwi hivyo kirahisi. Vijana wa bodaboda na tuktuk, chagueni siku moja ya wiki ambayo anayekwenda ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneobunge kujisajili analipa nusu nauli.

Kisha ingieni eCitizen mjitazame kama mmetiwa kwenye chama bila idhini yenu. Aliyetiwa ajitoe. Na baada ya kujitoa, nawaomba jambo ambalo najua litawachoma: wengine wenu rudini, safari hii kwa miguu yenu. Ingieni chama mkiwa mia mbili kutoka maskani moja, siku moja, mkiwa na orodha yenu mkononi. Anayesoma majina kwenye simu anaweza kumsukuma mmoja. Msioweza kuvimeza vyama, simamisheni mgombea huru. Katiba inawaruhusu, mradi awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Mgombea akija maskani, aketi kwenye benchi lenu, asisimame juu ya gari. Muulizeni ya wadi yake na si ya dunia. Basari ya mwaka jana walipewa nani, na mbona orodha haikubandikwa? Mtaro wa hapa ulitengewa kiasi gani? Bajeti ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kila mwaka mwishoni mwa Aprili, na kabla ya hapo sheria inataka wananchi wasikilizwe. Vikao hivyo hujaa wazee walioletwa kwa soda. Kila maskani ipeleke watu watano, wakiwa na karatasi ya mwaka uliopita, wasome kwa sauti mradi ambao haujaanzwa.

Siku ya kura yenyewe, msiondoke mkishapiga. Fomu 34A, yenye matokeo ya urais ya kila kituo, hubandikwa mlangoni baada ya kuhesabu, pamoja na fomu za viti vingine. Mwaka 2022 tume iliziweka wazi fomu za vituo zaidi ya 46,000, na kila mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe. Nyinyi simu mnazo. Vijana wawili kila mlango, picha moja safi, usiku huo. Maimamu na mapadre watusaidie kwa mahubiri, waajiri watoe ruhusa, walimu wenzangu tuseme yanayopasa kusemwa. Kila mmoja atajua lake.

Na zile mia mbili? Mkiwa na njaa, siwezi kuwahukumu. Nimelea watoto, naijua njaa. Lakini nawasihi, kwa jina la mama zenu wanaovuka kwa feri alfajiri kwenda kufua nguo za watu mjini, msimpe mtu miaka mitano kwa bei ya sahani ya wali na maharagwe.

Jumamosi hii saa mbili asubuhi nitakuwa ofisi ya tume, Kisauni, na mwavuli wangu wa buluu, na nitakaa mpaka wafunge. Nauli ya watu kumi ninayo mkobani. Binti yule nimempigia simu mara tatu, hajaipokea. Daftari lake aliliangusha langoni siku ile, na mimi ndiye niliyeliokota. Nimelinyoosha kurasa zote, na Jumamosi nitakuja nalo.