Ubao wa magurudumu wanipeleka Kangemi

Msomaji, wazazi wengi wa hapa Voi wakiona kijana amesimama juu ya ubao wenye magurudumu husema anatafuta kuvunjika mguu. Nami nilisema hivyo hivyo, mpaka mtoto wa kaka yangu aliponishika mkono twende Nairobi.

Tulipanda gari moshi la SGR, kisha matatu hadi Kangemi. Katika kituo cha Shangilia, kinachowalea watoto waliotoka mitaani, kuna uwanja uliojengwa mwaka wa 2013 kwa msaada wa shirika la Kijerumani, skate-aid. Saruji imefinyangwa mabonde na vilima, ikalainishwa kama sahani. Mtoto huteleza, huanguka puu, huinuka na kurudi foleni. Sikuona aliyelia.

Wala si jambo geni Afrika Mashariki. Vijana wa Kitintale, Kampala, walianza kujijengea uwanja mwaka wa 2006, na mchezo wenyewe uliingia Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021.

"Shangazi, kwetu je?" kijana akaniuliza.

Nilinyamaza. Anakoteleza nakujua: ukingoni mwa barabara ya Mwatate, wanakopita madereva wa malori wakiwahi mpaka wa Taveta. Wenzake wa Wundanyi hushuka milima kwa vigari vya mbao, breki yao kisigino!

Jumamosi fundi anakuja kupima ua wetu wa nyuma. Ameitisha mifuko minane ya saruji. Kaka bado hajaambiwa.