Ukiambiwa rekodi imefungwa, usikimbilie kutengeneza kopi

Wadau, leo naongea na wale ambao hesabu ya mzigo wao inaandikwa na zaidi ya mtu mmoja. Hapa Rhotia nauza kahawa na vitunguu vya Mang'ola mtandaoni. Tuna kompyuta mbili zinazotumia folda moja: moja iko mezani kwangu ninapojibu wateja wa WhatsApp, nyingine iko stoo kwa mdogo wangu anayefungasha. Faili la Excel ni moja. Kwa hiyo ule ujumbe wa kwamba faili limefunguliwa na mtu mwingine, wewe soma tu usiandike, tunakutana nao kila wiki.

Kwenye magrupu yetu ushauri unaotolewa haraka ni huu: "Sevu kwa jina jingine, maisha yaendelee." Mimi nakataa kabisa.

Hebu chukua pakiti 9 za kahawa. Mimi nauza 5, mdogo wangu anauza 6 kwa mteja aliyepita dukani, kila mmoja kwenye kopi yake. Kopi yangu inasema zimebaki 4, yake inasema 3. Zote zinaonekana safi. Ukweli ni kwamba tumeuza 11 na kuna mteja Dar ameshatuma hela kwa pakiti 2 ambazo hazipo. Sasa hapo utaanza kumwandikia "samahani dada", na yeye atapiga picha ya mazungumzo aiweke kwenye status. Lile kufuli lilikuwa linakuzuia usifike huko.

Makampuni makubwa nayo yanaishi hivyo hivyo. Kwenye SAP, mtu akifungua oda kuibadilisha, wa pili anaambiwa inashikiliwa na nani. Fundi wao ana ukurasa unaoitwa SM12, anaona jina la aliyeshika na saa aliyoanza. Anaweza kulifuta hilo kufuli, lakini fundi mwenye akili anapiga simu kwanza, maana huenda mwenzake bado anaandika. Sisi wa duka la mlango mmoja ndio tunataka kuvunja bila kuuliza!

Kwa hiyo soma jina kwenye ujumbe, mpigie mwenyewe. Mara nyingi amefungua faili akaenda kunywa chai. Akilifunga, yameisha.

Ikiwa hakuna aliyelifungua, huenda umeme ulikatika au kompyuta ilizimika ghafla. Excel ikifungua faili huweka pembeni kijifaili kilichofichwa, jina lake linaanza na alama ~$, na ndani yake kuna jina la aliyelifungua. Programu ikifa vibaya, kijifaili kinaweza kubaki hapo kama kandambili mlangoni wakati mwenye nyumba ameshaondoka. Funga Excel kwenye kompyuta zote, zizime uziwashe. Kama bado kipo, weka nakala ya akiba ya faili lako, ruhusu folda ionyeshe vilivyofichwa, kisha ufute hicho chenye ~$. Angalia vizuri jina, usije ukafuta faili lenyewe la mauzo.

Na hili naliona sana: duka lina watu watatu, wote wanaingia kwa akaunti moja na neno la siri moja. Kufuli likitokea linasema "Admin". Admin ndiyo nani? Utampigia nani? Mpe kila mtu jina lake, hata kama ni binamu yako anayesaidia Jumamosi tu.

Kuna kufuli jingine ambalo si hitilafu. Kwenye QuickBooks mhasibu anaweza kufunga hesabu za mwezi uliopita na kuweka neno la siri. Ukikataliwa kubadilisha risiti ya zamani, mtafute mhasibu, usimtafute fundi.

Wanaotumia Google Sheets wataniambia kwao hakuna kufuli, wote wanaandika kwa pamoja. Kweli, ila mkiandika kwenye kisanduku kimoja, kinachobaki ni cha aliyeandika mwisho. Ndiyo maana napendelea kila mauzo yapate mstari wake: saa, bidhaa, idadi, jina la aliyeuza. Namba ya kilichobaki ijikokotoe yenyewe, asiiguse mtu.

Najua basi la Arusha halisubiri Excel. Faili likigoma na mteja anataka jibu, tuna daftari moja tu, linakaa kwenye meza ya kufungashia. Anayeuza anakwenda stoo, anahesabu pakiti kwa mkono, anaandika saa na idadi, anaweka pembeni za mteja wake. Faili likifunguka, mistari inaingizwa mmoja mmoja na kukatwa kwa kalamu nyekundu. Na aliyeondoka bila kufunga faili tunampigia hata kama ndiyo kwanza amenawa mikono kula.