Siku Moja Mji wa Kale, Mombasa: Tembea Mwenyewe, Lakini Usipite Bure

Kila likizo inapokaribia, swali hili haliwezi kukosa: nikitaka kuona Mji wa Kale wa Mombasa kwa siku moja, bila kampuni ya utalii, nibebe pesa ngapi na nilipe vipi? Jibu fupi ni kwamba inawezekana kabisa, na si lazima uvunje benki ya nyumbani. Ramani iko kwenye simu, pesa iko kwenye simu, na miguu ni yako.

Lakini sisi tuna maoni yetu juu ya safari hizi, na leo tutayasema wazi. Kutembea mwenyewe si sawa na kutembea bure. Wengi wetu tunaenda Mji wa Kale, tunalipa kiingilio cha Fort Jesus, tunapiga selfi kando ya mzinga, tunakunywa soda tuliyoinunua supermaketi ya mjini, halafu tunarudi zetu. Jioni tunaposti picha kumi za milango ya kuchonga. Ukihesabu ni shilingi ngapi zimebaki kwa watu wanaoishi nyuma ya milango ile, jibu ni sufuri.

Hiyo ndiyo tunayotaka ibadilike. Na kwa kuwa kazi yetu ni malipo, tutaanza na historia ya pesa yenyewe.

Mji uliozoea kuona pesa ikipita

Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya mjenzi Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Hawakujenga pale kwa sababu ya mandhari. Walitaka kushika mlango wa bandari na biashara yote iliyopita pale. Waomani waliizingira ngome hiyo kuanzia 1696, wakaitwaa 1698. Waingereza walipokuja wakaigeuza kuwa gereza mwaka 1895. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 1888, kampuni ya kibiashara iliyoitwa Imperial British East Africa Company ilipewa kibali cha kuendesha shughuli katika pwani hii, na ikatoa sarafu zake yenyewe. Sarafu hizo ziliandikwa jina la Mombasa. Yaani kampuni yenye wenye hisa Uingereza ilitengeneza pesa kwa jina la mji ambao haukuwa wake. Hata neno tunalolitumia kila siku, "pesa", lilitufikia kwa njia ya bahari kutoka India, ambako wanasema "paisa". Rupia ya Kihindi iliendelea kutumika hapa Kenya hadi 1920.

Mwenyekiti wa kampuni ile alikuwa William Mackinnon. Ukifika Digo Road utaona soko ambalo kwa jina rasmi liliitwa Mackinnon Market. Watu wa Mombasa hawakujisumbua na jina hilo. Wao husema Marikiti, na wewe ukiuliza njia sema Marikiti.

Kwa nini tunakwambia haya yote? Kwa sababu kwa miaka zaidi ya mia tatu pesa nyingi imepita katika vichochoro hivi ikienda kwingine. Mgeni wa siku moja anayekuja na kuondoka bila kununua hata kikombe cha kahawa anaendeleza mtindo ule ule, hata kama nia yake ni njema.

Siku yenyewe, hatua kwa hatua

Tuwe wakweli kwanza: safari ya siku moja inamfaa zaidi aliye karibu, mtu wa Kilifi, Mtwapa, Ukunda, Mariakani au hata Voi. Ukitoka Nairobi, lala Mombasa usiku mmoja, siku ya pili ndiyo iwe ya Mji wa Kale. Na ukija kwa SGR kumbuka treni inakuacha Miritini, si kisiwani, kwa hivyo weka nauli ya kuingia mjini kwenye hesabu. Wa kusini, feri ya Likoni haimtozi mtu anayetembea kwa miguu.

Fika asubuhi, kabla jua halijawa kali. Anza na Fort Jesus. Beba kitambulisho, maana bei ya raia na ya mgeni kutoka nje si moja. Serikali imekuwa ikihamishia malipo ya huduma zake kwenye eCitizen, kwa hivyo usitegemee kwamba utatoa noti mlangoni ukapewa chenji. Fungua akaunti yako nyumbani, angalia bei ya siku hiyo kwenye ukurasa rasmi, na usimpe mtu yeyote wa nje ya lango pesa "akulipie". Ndani usiishie kwenye mizinga. Tafuta vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa mzingiro. Mtu akiona vyombo vile ndio anaelewa kwamba vita ile ilikuwa ya watu, si ya tarehe.

Ukitoka, jengo la mahakama ya zamani la 1902 liko hapo karibu. Kisha ingia Ndia Kuu. "Ndia" ni "njia" kwa Kimvita, na hii ndiyo iliyokuwa njia kuu ya mji. Tembea polepole. Tazama juu uone roshani za mbao, tazama milango. Endelea upande wa bandari ya zamani, pitia msikiti wa Mandhry, ambao asili yake inarudishwa hadi karne ya 16. Msikiti si makumbusho. Usiingie bila ruhusa, na siku ya Ijumaa ujue kwamba mchana maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala. Vaa kwa heshima. Ukitaka kumpiga mtu picha, muombe. Ukikutana na mzee, salamu kwanza, maswali baadaye. "Sabalkheri, mzee" itakufungulia milango ambayo ramani ya simu haiijui.

Malizia Marikiti kwa viungo, na Biashara Street kwa leso. Hapo ndipo mkoba utapimwa kweli.

Gawanya pesa kabla ya kupanda matatu

Ushauri wetu ni rahisi. Kabla hujatoka nyumbani gawanya pesa ya siku katika mafungu matatu. La kwanza ni nauli ya kwenda na kurudi, na hili haliguswi hata kama leso inang'aa vipi. La pili ni kiingilio na dharura. La tatu tunaliita fungu la mtaa: pesa itakayobaki ndani ya Mji wa Kale.

Tuseme una shilingi 3,000. Toa fungu la kwanza na la pili. Chochote kinachobaki, kipe kazi: mahamri na mbaazi za asubuhi, maji ya ukwaju au madafu, viazi karai, kahawa tungu na kashata, mabuyu ya kupelekea watoto nyumbani, jozi moja ya leso. Hakuna hata kimoja hapo cha anasa. Lakini ukinunua vyote kutoka kwa watu sita tofauti, umelipa watu sita. Ukila kwenye mkahawa mmoja mkubwa wa barabara kuu, umelipa mmoja, na pengine mwenyewe hakai hata Mombasa.

Wengine watasema, "Sisi si matajiri, tunatoka kidogo tu tupumzike, kwani ni lazima tuwe wafadhili?" Hoja hiyo tunaielewa. Hatusemi utoe zaidi ya ulicho nacho. Tunasema utalazimika kula na kunywa mahali fulani hata hivyo. Swali ni wapi.

Na mtembezaji je?

Ukifika Fort Jesus utafuatwa na vijana na wazee watakaotaka kukutembeza. Wageni wengi huwaona kama usumbufu. Sisi tunaona tofauti kidogo. Mtu aliyezaliwa nyuma ya Ndia Kuu anajua nyumba ipi ilikuwa ya nani na mlango upi umetoka wapi. Hayo ni maarifa, na maarifa ni bidhaa kama leso.

Huna wajibu wa kumchukua. Sema "asante, leo natembea mwenyewe" kwa adabu, yatosha. Lakini ukimchukua, au hata ukimsimamisha kwa dakika ishirini akakueleza historia ya mtaa mzima, mlipe. Kubalianeni bei na muda kabla ya hatua ya kwanza, si mwisho. Mambo huharibika pale mgeni anapodhani ni ukarimu na mwenyeji anadhani ni kazi. Muulize pia kama ana kibali, na kama yuko chini ya chama cha watembezaji.

Kupunguza bei nako kuna mahali pake. Biashara Street, piga bei, ni sehemu ya mazungumzo na mwenye duka ataona ajabu usipojaribu. Kwa mzee wa kahawa mwenye birika na vikombe vyake, tafadhali, lipa tu.

Lipa kwa simu, lakini kwa macho

Sasa tuje kwenye eneo letu. Simu hurahisisha siku kama hii, ila furaha ya matembezi ndiyo inayotufanya tubonyeze bila kusoma. Haya ndiyo tunayoyasisitiza:

- Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina kwenye till linaweza kuwa la biashara au la mwenyewe, na wakati mwingine halifanani na bango la dukani. Uliza wakati bado hujalipa. Ukishabonyeza, kurudishiwa pesa kuna mlolongo wake na hakuna uhakika.
- Kama muuzaji ana till, tumia till. Kwa kawaida mteja hakatwi ada ya kulipia till, na muuzaji anabaki na rekodi ya mauzo yake. Rekodi hiyo inaweza kumsaidia siku akitafuta mkopo wa kuongeza mali. Akikupa namba ya mtu mwingine "ambaye ni ndugu yangu", tulia kwanza.
- Usitume amana kwa mtu uliyemkuta mtandaoni tu anayeahidi "ziara kamili ya Mji wa Kale". Siku hii haihitaji amana. Utalipa ukiwa pale, unamwona mtu na yeye anakuona.
- Ukipata ujumbe wa pesa ambayo hukuitarajia na mtu akapiga simu akilia kwamba amekosea namba, angalia salio lako kwanza, si ujumbe. Usimrudishie mwenyewe. Mwambie apigie huduma kwa wateja.
- Usikope kwa simu ili ununue leso ya pili. Leso ya pili itakuwepo hata mwaka ujao. Mkopo nao utakuwepo.

Na ndiyo, beba noti kidogo

Hili huenda usitarajie kulisikia kutoka kwetu, lakini tunalisema: usiende Mji wa Kale na simu peke yake. Kuna wauzaji wadogo wanaopendelea pesa taslimu, na wana sababu. Anayeuza kitu cha shilingi ishirini anahitaji pesa hiyo hiyo anunue sukari jioni. Akiipokea kwa simu na kisha aitoe kwa wakala, ada ya kutoa inamla faida. Mpaka hilo lirekebike, na sisi wa sekta hii ndio tunaopaswa kulirekebisha, heshima ni kubeba noti ndogo ndogo na sarafu. Toa pesa mara moja tu kabla ya kuanza safari, maana kutoa kidogo kidogo mara nyingi huongeza ada.

Halafu kuna betri. Simu inayopiga picha tangu asubuhi inaweza kukuzimikia saa kumi jioni, na simu iliyozima hailipi tuktuk. Nauli ya kurudi iwe mfukoni, kwa noti.

Kipimo cha safari nzuri

Tunajua picha ni muhimu. Piga, posti, watu waone Mombasa. Ila tunapendekeza kipimo kingine. Ukiwa kwenye matatu ya kurudi, fungua taarifa ya malipo yako ya siku, ongeza na zile noti ulizotoa, kisha jiulize: ni watu wangapi wa Mji wa Kale wamelala na kitu kwa sababu nilipita?

Nyumba zile za matumbawe na mbao zinagharimu pesa kuzitunza. Wenyeji wakiona wageni wanaleta riziki, wana sababu ya kukarabati mlango wa babu. Wakiona wageni wanaleta kamera tu, siku moja mnunuzi atakuja na bei nzuri, mlango utang'olewa, na sisi sote tutabaki na picha zake kwenye simu.

Kwa hivyo nenda. Nenda mwenyewe, kwa mwendo wako, kwa bajeti yako. Soma jina kabla ya PIN, weka nauli ya kurudi kando, na usiondoke bila kunywa kahawa. Safari njema.