Lugha Iliyodharauliwa Sasa Inaheshimiwa: Je, na Wenyewe?

Kutoka kwa mwandishi wetu, Rebero, Kigali

Nchini Rwanda yako mambo mengi ambayo jana yalichukiwa na leo yanapendwa. Kati ya hayo, hakuna linalotuhusu sisi zaidi ya lugha hii tunayoiandikia kurasa hizi. Kiswahili kilidharauliwa hapa kwa miaka mingi. Leo kimo katika sheria ya nchi na kinafundishwa mashuleni. Wengi wanashangilia, na sisi tunashangilia pamoja nao. Lakini yafaa tujiulize kilichukiwa kwa sababu gani na kimekubaliwa kwa sababu gani, maana jibu lake linagusa hali ya mfanyakazi moja kwa moja.

Tuanze na chuki yenyewe. Mkulima wa milimani alikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa mtu mwenye amri. Wajerumani walikitumia katika utawala wao, na Richard Kandt alipoanzisha kituo cha Kigali mwaka 1907, lugha ya askari na wapagazi wa serikali ilikuwa hiyo. Wabelgiji waliishika nchi tangu mwaka 1916. Katika enzi yao kazi ya kulazimishwa, ya kulima barabara na kubeba mizigo, iliitwa akazi, neno lililotokana na kazi ya Kiswahili. Aliyechelewa alipigwa ikiboko, na neno hilo pia lilitoka huko huko. Lugha iliyokuja pamoja na kiboko ingependwaje?

Sababu ya pili ilikuwa ya mjini. Waliozungumza Kiswahili kila siku walikuwa watu wa mitaa kama Biryogo na Nyamirambo, wengi wao Waislamu, ambao mkoloni aliwatenga na wenzao. Wamisionari hawakukiamini Kiswahili kwa kuwa waliona ni lugha ya Uislamu. Shuleni mkubwa alikuwa Kifaransa. Basi neno umuswahili likawa tusi, maana yake mtu mjanja, mwongo, wa kuchungwa mikono yake.

Sasa tuwatazame hao waliotukanwa. Walikuwa akina nani? Walikuwa madereva, makanika, mafundi cherehani, wapishi, wachuuzi na wapagazi. Hawakuwa na shamba la urithi, wala ng'ombe, wala cheo. Walikuwa na ufundi na nguvu zao tu. Tajiri alimhitaji makanika ili gari lake liende, na papo hapo alimwita mwizi. Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo. Dharau ya lugha ilikuwa dharau ya mfanyakazi wa mjini, ila ilivaa nguo nyingine.

Mambo haya hayakuwa ya Rwanda peke yake. Huko Uganda watu wengi walikichukia Kiswahili kwa kuwa kilikuwa lugha ya askari, na utawala wa Idi Amin, wa mwaka 1971 hadi 1979, uliizidisha chuki hiyo. Hata hivyo, mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Na tukumbuke jambo jingine. Muda wote ambao Kiswahili kilitukanwa, Kinyarwanda kilikuwa kinakopa kwake kimya kimya. Tunasema idirishya, isabune, umusumari, umufundi. Tunasema umushahara! Mtu aliyewabeza Waswahili asubuhi alidai haki yake mwisho wa mwezi kwa neno lao. Hata lile neno akazi, lililowatia hofu mababu zetu, leo kijana wa Rebero hulitafuta tangu alfajiri, na akilipata jirani humpongeza. Neno ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kazi ina malipo, na mfanyakazi ana haki ya kuikataa.

Mabadiliko yalikujaje? Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, walirudi nchini watu wengi waliokuwa wakimbizi Tanzania, Kongo, Uganda na Kenya. Wengi wao walikuja na Kiswahili kama lugha ya kawaida ya sokoni na kazini. Tena, wananchi hawakusahau kwamba katika siku zile mbaya Waislamu wengi wa Nyamirambo waliwaficha waliokuwa wakiwindwa. Watu walioitwa wa kuchungwa ndio waliofungua milango yao.

Halafu ikaja Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rwanda iliingia rasmi tarehe 1 Julai 1967? La, ni mwaka 2007. Kijana asidhani ni jambo la kale. Soko la pamoja, lenye haki ya wafanyakazi kuvuka mipaka, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Mwaka 2017 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ngeli za Kiswahili hazikuongezeka wala kupungua katika safari yote hiyo. Wakubwa walikiona kina faida walipohitaji biashara, na sisi tulijua faida hiyo zamani.

Tunasema tuliijua kwa sababu historia ya wafanyakazi inashuhudia. Mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na mwaka huo huo makuli wa bandari ya Dar es Salaam nao wakagoma. Walikuwa watu wa makabila mengi waliokutana kwenye kazi moja, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kuelewana na kusimama pamoja.

Hapa Rebero tuko juu ya mlima ambao jina lake lahusiana na kureba, yaani kutazama. Ukisimama hapa unaliona jiji limetandazwa chini. Kule bondeni, Gikondo, magari makubwa kutoka Dar es Salaam na Mombasa yalishusha mizigo kwa miaka mingi kwenye maghala ya Magerwa. Tangu mwaka 2019 kuna pia bandari kavu ya Masaka. Dereva anayeleta saruji, nondo au mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo hukata kilomita zipatazo 1,500. Akiharibikiwa njiani, akidaiwa faini asiyoielewa, akiugua ugenini, lugha itakayomwokoa ni Kiswahili. Na nyumba zinazojengwa kwenye mlima huu, fundi na wasaidizi wake wanaoitwa abayede wanaweza kuwa wametoka Huye, Bukavu au Bujumbura. Anayepiga kelele kwamba jukwaa linaanguka lazima aeleweke na wote mara moja.

Wako ndugu watakaosema kwamba Kinyarwanda kinatosha, maana kila Mnyarwanda anakijua. Ni kweli, Kinyarwanda ni mama yetu na hakuna anayetaka kumfukuza nyumbani. Lakini mizigo haiishii Rusumo, na ajira haiishii hapo. Wengine watasema Kiingereza ndicho chenye pesa. Pengine, kwa mwenye ofisi. Dereva na utingo wake hawajadiliani na askari wa mizani kwa Kiingereza cha ofisini.

Basi sheria tunayo, na sherehe za Julai tunazo. Kwa maoni yetu yamebaki mambo matatu.

Kwanza, mfanyakazi anayepelekwa nje ya mipaka apewe mkataba katika lugha anayoisoma, na Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha hizo. Mkataba usioeleweka ni mtego. Matangazo ya usalama kazini nayo yafuate njia hiyo.

Pili, vyama vyetu vianzishe masomo ya jioni. Walimu wa kwanza wawe wale wale madereva na mafundi waliochekwa zamani, nao walipwe. Si haki mtu aliyetunza lugha kwa miaka 40 chini ya matusi akae pembeni, huku faida ikienda kwa mwenye cheti peke yake.

Tatu, tujihadhari na dharau mpya. Tayari wako wanaojifunza Kiswahili sanifu kisha wakamcheka fundi wa Goma au Bukavu asemaye batu badala ya watu. Tufundishe usanifu, kwa kuwa barua na mikataba inauhitaji. Lakini anayemcheka fundi huyo anarudia kosa la jana. Ameipenda lugha na kumkataa msemaji wake. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende.

Ndugu wafanyakazi, heshima ya Kiswahili haitapimwa kwa hotuba. Itapimwa kwa namna dereva anavyopokewa mpakani, kwa mkataba anaoweza kuusoma kabla ya kutia sahihi, na kwa umushahara unaolipwa kwa wakati. Tulipigania neno lisitukanwe. Sasa tumpiganie anayelisema.

Umoja ni nguvu.