Sweta ni programu, na tuiandike kwa Kiswahili

Wiki hii sizungumzii simu mpya wala lugha mpya ya programu. Nazungumzia sweta. Usiondoke kwanza! Nimesomea sayansi ya kompyuta, kazi yangu ni kuandika programu, na nasema bila utani: maelekezo ya kufuma sweta ni programu kamili. Yana data ya kuingiza, yana marudio, yana masharti, na safu moja ikiharibika matokeo yanaonekana wazi kifuani pa mtu. Shida ni kwamba mengi yameandikwa kwa vifupisho vya Kiingereza, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Hapa Kalama, Machakos, baridi ya Juni hadi Agosti haina mchezo. Ukungu unalala vilimani asubuhi, na mtoto asiye na sweta anatetemeka darasani. Sweta ni sehemu ya yunifomu, kwa hiyo mzazi lazima aitafute: ainunue dukani, ampe kazi mama mwenye mashine ya kufuma sokoni, au apate mtu wa kuifuma kwa mkono. Na mikono tunayo. Hapa ni Ukambani, kwa wenye vyondo! Mama anayefuma kiondo cha mkonge anahesabu nyuzi, anabadilisha rangi kwa zamu, na mchoro unazunguka mpaka unakutana sawasawa, bila karatasi. Huyo ana algorithimu kichwani.

Jirani yangu mmoja ni fundi wa namna hiyo. Siku moja alinionyesha karatasi iliyokuja na uzi wa sweta, imeandikwa "k2, p2" na herufi nyingine kibao. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma kompyuta, hizi ni hesabu gani?" Si hesabu, mama. Ni mambo ambayo vidole vyako vinaweza kuyajua kwa siku moja. Yamefungiwa tu nyuma ya herufi.

Haya, tuzifungue.

Kwanza, sweta si kama kitambaa cha kanga. Kanga ina nyuzi za wima na za mlalo zinazopishana. Sweta ina uzi mmoja unaopita ndani ya vitanzi vyake wenyewe, ndiyo maana inavutika, na ndiyo maana ukivuta ncha isiyofungwa yote inafumuka. Kazi nzima ni kuvuta kitanzi kipya kupitia kitanzi cha zamani. Unaweza kukivuta kije upande wako au kiende upande wa pili. Basi! Herufi k na p ni hizo njia mbili. Sisi wa kompyuta tuna 0 na 1, wafumaji wana hizo mbili.

Mimi napendekeza tuziite MBELE na NYUMA, kwa kifupi M na N. M: sindano inaingia kitanzini kutoka mbele kwenda nyuma, uzi ukiwa nyuma ya kazi. N: uzi unaletwa mbele, na sindano inaingia kutoka nyuma kuja mbele. Mengine yanajieleza: KUANZISHA vitanzi ni kuviweka vya kwanza kwenye sindano, KUFUNGA ni kuvimaliza visifumuke, KUONGEZA, na KUPUNGUZA, yaani kufuma vitanzi viwili pamoja viwe kimoja. Safu moja yote M na inayofuata yote N inakupa uso laini wa sweta ya kawaida. M2 N2 kwa kurudia inakupa ule ukingo wa mistari unaobana kiunoni na mikononi.

Neno la mwisho ndilo kubwa kuliko yote: KIPIMO. Ni idadi ya vitanzi katika sentimita 10. Kila mkono una kipimo chake, kwa hiyo unafuma kipande kidogo kwanza, unahesabu, halafu unaanza kazi. Kwetu tungesema ni kujaribu programu kabla ya kumpa mteja.

Sasa tazameni sweta ya shule ya mtoto mwenye kifua cha sm 66. Tunaongeza sm 8 za kupumulia, inakuwa 74, yaani sm 37 mbele na 37 nyuma. Tuseme kipimo ni vitanzi 20 na safu 28 kwa sm 10.

NYUMA
Anzisha 74 (yaani 37 × 20 ÷ 10).
Ukingo, safu ya kwanza: M2 N2 mara 18, malizia M2.
Safu ya pili: N2, halafu M2 N2 mara 18.
Rudia hizo mbili mpaka sm 6.
Endelea safu ya M, safu ya N, mpaka sm 42. Funga.

MBELE
Fuma kama nyuma mpaka sm 27.
Gawa katikati: 37 kulia, 37 kushoto. Fuma kila upande peke yake.
Kila safu ya pili, punguza 1 upande wa shingo, mara 16.
Zimebaki 21, ambazo ni bega. Nenda mpaka sm 42. Funga.

MKONO (miwili)
Anzisha 38. Ukingo wa M2 N2 sm 5, kwa mpango ule ule.
Ongeza 1 kila upande, mara 11, ukizipa nafasi sawa mpaka juu.
Zikiwa 60 na mkono umetosha urefu, funga.

Unashona mabega, vitanzi 21 kwa 21, unaacha 32 za katikati nyuma ya shingo. Unaunganisha mikono, halafu unashona ubavuni kuanzia mkononi hadi kiunoni. Ukitaka shingo nadhifu, okota vitanzi kuizunguka ufume ukingo mwembamba. Imekwisha.

Mmeona "mara 16"? Hicho ni kitanzi cha programu kilichoandikwa kwa sufu. Na kipimo ni kigeu. Mama mwenye mkono wa kubana, wa vitanzi 22 kwa sm 10, akianzisha 74 zile zile, kila upande unatoka sm 33.6. Mzunguko ni kama sm 67 kwenye kifua cha sm 66. Mtoto hapumui! Uzi umekwisha, jioni kadhaa zimepotea, na hakuna safu hata moja iliyokosewa. Data ya kuingiza ndiyo ilikuwa mbaya. Kwa mkono wake alihitaji kama 82.

Kwa hiyo mimi naona kugawa maelekezo yenye namba tupu haitoshi. Tugawe kanuni. Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani, alifundisha hivyo kwa sweta ya mviringo: idadi ya vitanzi vya kiwiliwili ndiyo asilimia 100, mwanzo wa mkono ni kama asilimia 20 ya hiyo, na shingo kama asilimia 40. Ukishajua kipimo chako na kifua cha mtu, mengine unayapiga hesabu. Kama huyo si programa, basi mimi sijui programa ni nani.

Najua kuna watakaosema: "Kwani maneno yenyewe ni mangapi? Wajifunze Kiingereza." Sawa, lakini Kiingereza chenyewe hakielewani. Jina moja la mshono wa kroshia lina maana moja Uingereza na maana nyingine Marekani. Sindano namba 8 ya mtindo wa zamani wa Uingereza ni milimita 4, namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Mama akinunua "namba 8" kwa kufuata karatasi isiyosema imetoka wapi, sweta inaweza kuishia kumtosha ndugu yake mtoto. Tukiandika yetu, tuandike milimita na tumemaliza ubishi.

Wengine watasema video zipo. Zipo, na zinasaidia sana kufundisha vidole. Lakini jaribu kutafuta safu ya 57 ndani ya video ya nusu saa huku bando linakwisha. Karatasi inakaa mezani kimya ikikusubiri. Wajapani wao waliweka alama za ufumaji kwenye viwango vyao vya taifa, na mfumaji asiyejua Kijapani hata neno moja anaweza kuufuata mchoro wao. Nasi tunaweza kuchora miraba kwenye daftari la hesabu: mraba mtupu ni M, wenye nukta ni N, kama unavyoonekana upande wa nje.

Na tusiambiane Kiswahili hakiwezi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ukihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Kama menyu za kompyuta zilipata majina, vitanzi viwili vitashindwa?

Ombi langu ni dogo. Shule inapompa mzazi orodha ya yunifomu, iambatanishe karatasi moja ya sweta: rangi, unene wa uzi, sindano kwa milimita, kanuni ya vitanzi na mchoro, kwa Kiswahili, na kwa Kikamba pia kama yupo wa kuandika. Mwenye kununua dukani anunue. Mwenye mikono na muda afume, au amlipe jirani, na pesa ya sweta ibaki Kalama. Tena walimu wanaofundisha Mtaala wa Umilisi watapata somo la hesabu ambalo mtoto anaweza kulivaa.

Maneno yangu M na N si sheria. Kama nyumbani kwenu mna majina bora, yaandikeni na myatumie, mradi yawe yale yale kuanzia safu ya kwanza hadi ya mwisho. Jirani yangu ameshapata karatasi yake kwa M na N. Swali lake la pili limekuwa gumu zaidi: nikimpa kifua cha mtoto yeyote wa shule, je, simu yake inaweza kumpigia hizo hesabu? Inaweza, mama. Hiyo ndiyo kazi yangu ya wikendi hii.