Bonde la Ruzizi: maji yanaingia shambani, lakini yanatokea wapi?

Kiangazi kikianza, kati ya Juni na Septemba, wakulima wa bonde la Ruzizi, eneo la Uvira, hugombania maji. Kuanzia Sange, Luberizi hadi Luvungi, kila mmoja anataka mfereji ufunguliwe upande wake. Kuhusu maji yanayotakiwa kutoka shambani, hakuna anayegombana. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Wakulima wanaijua dalili yake: ardhi inatoa unga mweupe kama majivu, miche ya mpunga inakauka ncha, maharagi yanakataa kabisa. Wengine husema ardhi imechoka. Hapana, imejaa chumvi.

Maji yenye gramu 0.3 za chumvi kwa lita moja hayana ladha ya chumvi mdomoni. Lakini mita za ujazo 10,000 za maji hayo katika hekta moja huleta kilo 3,000 za chumvi. Jua linakausha maji, chumvi inabaki. Tena udongo wa bonde una chumvi yake sehemu fulani, na mvua ya huku ni kidogo kuliko ile ya milimani. Pasipo mtaro wa kutoa maji, maji ya chini ya ardhi hupanda hadi karibu na mizizi na kuleta chumvi juu.

Dawa ni kuosha shamba kwa maji mengi, kisha kuyatoa kwa mtaro ulio chini zaidi ya shamba. Kumwaga maji bila mtaro ni kuongeza ugonjwa.

Sasa nani achimbe? Familia iliyokimbia vita haichagui shamba, inapokea lile ambalo mwenyewe halitaki, nayo inakodi kwa msimu mmoja tu. Kuilaumu kwamba haichimbi mtaro si haki. Itatoa jasho, halafu msimu ujao shamba lililopona litarudi kwa mwenyewe.

Wenye mashamba nao husema mtaro unakula ardhi yao. Ni kweli, unakula mstari mmoja. Chumvi inakula shamba zima.

Kwa hiyo kamati za maji zipange salongo ya mitaro ya kutoa maji kabla ya kufungua mfereji, si kuzibua mfereji wa kuingiza peke yake. Mkataba wa kukodi uandikwe mbele ya chefu wa kijiji, uwe wa misimu mitatu angalau, na anayechimba mtaro apunguziwe kodi. Mashirika yanayotengeneza mifereji yasihesabu kazi kuwa imekwisha kama maji hayana njia ya kutoka hadi mtoni.

Mwenyeji na mhamiaji wanakula kutoka udongo mmoja. Ukiharibika, hakuna kati yao atakayevuna, hata amani ikirudi.