Komredi, hashtagi yako ni bei gani?

Wasee, leo sina udaku wa nani ameachana na nani. Leo ni hii biashara inayoendeshwa kimyakimya kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa chuo.

Kuna kijana mmoja, jina naliweka mfukoni, ana wafuasi wengi sana. Juni 2024 alikuwa moto na #RejectFinanceBill2024. Juzi ameamka anamsifu mheshimiwa fulani, maneno yaleyale, emoji zilezile, na akaunti zingine kibao ambazo jana zilikuwa zinaongea mpira. Akiulizwa, ati “ni hustle tu”.

Hustle gani? Ile hashtagi ya 2024 ilikuwa na nguvu kwa sababu watu walisoma mswada. Walijua VAT ya 16% inakuja kwa mkate, na ushuru wa 2.5% kwa gari. Waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakawajazia wabunge simu. Tarehe 25 Juni vijana walipigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi. Wale hawakuwa wametumiwa kitu kwa M-Pesa.

Na hii biashara si mpya. Ripoti ya Mozilla ya 2021 ilianika mambo: majaji waliozima BBI walishambuliwa kwa hashtagi za kulipiwa, na washiriki walikuwa wanapata kama dola 10 hadi 15 kwa kampeni tatu kwa siku. Jaji anatukanwa kwa pesa ya chapo na supu, manze!

Najua HELB inachelewa na njaa haina adabu. Sawa, tangaza wigi, tangaza viatu, sina neno. Lakini kumbuka mwisho wa 2024, vijana walipokuwa wanatekwa kwa ajili ya posti zao. Mama hana wakili, hana mtu anayemjua serikalini, ana jina la mtoto na alama ya reli mbele yake. Siku hiyo wewe na grupu lako mnapandisha sifa za mheshimiwa, jina la huyo mtoto linashuka chini. Na mkubwa akisema “hizo kelele zote ni za kulipwa”, watu wanamwamini, kwa sababu wamekuona wewe.

Kama una hiyo meseji ya “kampeni inaanza saa mbili, malipo jioni”, hebu sema hapo chini walikupa ngapi.